Sura ya Saba: Tumba Lenye Gamba Moja

Muulize mtu wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa akuonyeshe mti uitwao saule, yaani mwerebi, naye atakupeleka kwenye bustani. Mtapita Muhumba au Nguba, mbele ya nyumba za zamani zinazotazama ziwa, mpaka kwenye mti ulioinamisha matawi yake karibu yaguse nyasi. Huo ndio waliouchora katika vitabu vya shule, na ndio Wakristo wengi wanaoufikiria wanaposikia zaburi ya mierebi na mito ya Babeli. Mara nyingi, hata hivyo, mti utakaoonyeshwa si mwerebi. Ni ule wa kutoka Australia wenye maua mekundu yenye nywele za brashi, uliopandwa kwa ajili ya urembo. Na pale unapokuwa mwerebi wa kweli, ni mgeni: asili yake ni China. Linnaeus aliupa jina la Salix babylonica mwaka 1753 akidhani ndio uliomea Babeli, lakini miti ya kando ya Frati inayodhaniwa kutajwa katika zaburi ile ni mipopla, ndugu wa mwerebi katika ukoo mmoja.

Mwerebi wa sura hii hauinamishi matawi, wala haukupandwa na mtu. Jina lake la kisayansi ni Salix mucronata, na ni mzaliwa wa Afrika: unafuata mito kuanzia Misri hadi Afrika ya Kusini, na upande wetu wa maziwa makuu umo ndani ya njia hiyo. Mara nyingi utaukuta ukiwa kichaka chenye mashina mengi yanayotoka chini pamoja, kimo chake mita mbili, tatu, nne. Mafuriko yakiuacha kwa miaka, na mapanga yakiusamehe, unakuwa mti wa mita kumi na zaidi. Jenasi ya Salix ina spishi karibu 400, na karibu zote zinaishi nchi za baridi za kaskazini mwa dunia. Katika Afrika ya tropiki, huu wetu umebaki karibu peke yake. Kwa hiyo kazi ya kuutambua ina nafuu moja kubwa: ukishathibitisha kwamba kichaka ni mwerebi, na kwamba hakuna aliyekipanda, umeshamaliza. Mtu wa Ulaya hana raha hiyo. Kule mierebi ni mingi na inazaliana ovyo, hata wataalamu wenyewe hubishana juu ya tawi moja.

Ugumu wetu ni kuthibitisha kwamba ni mwerebi.

Tuanze na mahali. Mgeni anayeitazama Bukavu kutoka juu, na zile rasi tano zilizoingia ziwani, atadhani mji umezungukwa na makao ya mierebi. Sivyo. Ziwa Kivu lilijaa baada ya volkeno za kaskazini kuziba mito, na maji yakapanda ndani ya mabonde ya zamani. Ndiyo maana kingo zake upande wetu ni mwinuko mkali na mawe, na mahali padogo palipo tambarare pamejengwa. Mwerebi hautaki mwinuko wala jiwe. Unataka mchanga na tope jipya lililoachwa na maji yanayotembea, na unataka jua kamili juu yake. Sababu iko kwenye mbegu. Mbegu ya mwerebi ni ndogo mno, haina akiba ya chakula, na uhai wake unahesabiwa kwa siku au majuma machache. Isipoangukia tope tupu lenye unyevu katika muda huo, imekwisha. Katikati ya mafunjo yaliyosongamana haina nafasi. Kivuli kitaiua kabla haijatoa jani la pili. Ukienda kutafuta mwerebi katikati ya dimbwi lililofungwa na mafunjo au matete umekosea njia, hata kama miguu yako imelowa vya kutosha. Tafuta pembezoni: ukingo wa kijito, mchanga uliorundikana mto unapokata kona, mahali vijito viwili vinapokutana.

Ndani ya mji sina matumaini makubwa. Bonde la Kawa limebanwa na nyumba na taka, na mvua kubwa ikinyesha maji huondoka na kila kitu. Nje ya mji, katika mabonde ya Kabare na Walungu, mabwawa mengi yamelimwa: kabichi, viazi vitamu, miwa, magimbi, na mistari ya mikalitusi iliyopandwa ili ikaushe maji. Hapo ukingo wa mfereji ndio uliobaki. Mama anayelima bondeni ukimuuliza, "Mama, hii muti inaitwaka je?", atakujibu, "Ni muti ya ku mayi tu, baba," na ataendelea na jembe lake. Jibu hilo lisikukatishe tamaa. Amekupa nusu ya utambuzi: ameshakwambia kwamba mti ule haumfuati mtu mlimani.

Halafu kuna Ruzizi. Unatoka ziwani hapa hapa mjini, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na katika safari ya kilomita 117 unashuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu ya juu ni korongo: maji ya kasi, mawe, na mabwawa ya umeme, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989. Mto unaofungwa na kufunguliwa kwa mahitaji ya umeme hauachi mchanga kwa utaratibu wa majira, na mwerebi huishi kwa utaratibu huo. Ila ukishuka miinuko ya Ngomo, ukapita Kamanyola, nchi inafunguka, joto linapanda, na mto unaanza kujikunja polepole huku ukimwaga mchanga kila kona. Kama ningekuwa na siku moja tu ya kutafuta, ningeipeleka huko. Tahadhari moja isiyo ya botania: Ruzizi ni mpaka. Mtu anayeinama ukingoni na kisu na daftari, akikata matawi na kuyaandikia namba, ataulizwa maswali, na haki yao kuuliza. Pitia kwanza kwa chifu wa mahali, uonyeshe matawi yako na karatasi zako kabla hujaombwa.

Sasa jani, kwa sababu kila mtu huanzia hapo. Jani la mwerebi ni refu na jembamba, sentimita tano hadi kumi na mbili, upana wa kidole au pungufu, ncha imechongoka, ukingo una meno madogo sana unayoyahisi kwa ukucha kabla hujayaona. Juu ni kijani kinachong'aa. Chini ni hafifu, karibu na kijivu, kwa hiyo upepo ukipiga kichaka hubadilika rangi chote kwa pamoja. Majani yametokea moja moja, kwa zamu, huku na huku ya kijitawi. Vijitawi vichanga vina wekundu.

Ni maelezo mazuri, na yamepotosha watu wengi. Umbo hilo la jani ni la kuazimana. Mimea ya maji yanayotembea huelekea kwenye majani membamba kwa sababu jani pana hupasuliwa na mkondo, na mimea mingine imefika kwenye umbo hilo kwa njia zake yenyewe. Wataalamu walichoka kutafuta maneno, wakaanza kuitaja mingine kwa jina la mwerebi: katika milima yetu kuna Morella salicifolia, yaani yenye majani ya mwerebi, na kwenye savana kuna Faurea saligna, kwa maana ile ile. Hakuna hata mmoja kati yake ulio wa ukoo huu.

Kwa hiyo tumia mkono na pua kabla ya jicho. Ponda jani. Likinuka dawa ya mafua, una chipukizi la mkalitusi lililokatwa na kuota tena. Hapa Kivu limejaa kila mahali. Likitoa harufu nzito ya viungo, na upande wa chini ukiwa na vitone vya manjano, hiyo ni Morella, na ungeijua pia kwa kuwa umeikuta juu ya mwamba au lava na si kwenye tope. Jani la mwerebi likipondwa halina harufu ya kukumbukwa, ni ubichi tu. Kisha vunja kikonyo. Maziwa meupe yakitoka, osha mikono na usiguse macho: pengine umeshika ule mti wa maua ya manjano unaopandwa kwenye ua, Thevetia, nao ni sumu inayosimamisha moyo. Mwerebi hauna maziwa. Tazama na mpangilio: majani yakitoka mawili mawili yakitazamana, au matatu matatu, achana nao papo hapo.

Anayewadanganya watu kuliko wote ni jirani wa mlango kwa mlango. Persicaria inaishi pale pale kwenye maji, inasimama hadi kifuani, ina majani marefu yaliyochongoka yanayotoka kwa zamu, wekundu kwenye shina, na vishada vyembamba vya maua ya waridi au meupe ambavyo mtu mwenye haraka atavisoma kama masuke ya mwerebi. Haina maziwa wala harufu kali. Mitihani yote mitatu ya hapo juu inaipita salama. Lakini tazama fundo, pale kikonyo kinapokutana na shina: Persicaria ina ala nyembamba ya ngozi, mara nyingi imekauka rangi ya kahawia, inayozunguka shina lote juu ya fundo. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Mwerebi hauna ala hiyo. Tena bonyeza shina la chini kabisa. La Persicaria litabonyea. La mwerebi ni mti hadi kwenye mizizi.

Umebaki sasa na kichaka cha mbao, kando ya maji, kisicho na maziwa wala harufu, chenye majani membamba ya zamu. Bado usiandike jina. Shuka kwenye kwapa la jani, mahali kikonyo kinapoachana na kijitawi, utafute tumba.

Tumba la mwerebi ni dogo, milimita chache, limelala likiegemea kijitawi. Lenzi ya mkono itakusaidia, ingawa macho ya kijana yanatosha. Miti mingi inayofunika matumba yake huyafunika kwa magamba kadhaa yaliyopandana. Mipopla, ndugu zake wa damu, hufanya hivyo. Mwerebi hutumia gamba moja tu, lililovikwa juu ya tumba zima kama kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni asubuhi ya baridi. Lichokoe kwa ukucha au kwa ncha ya sindano. Likitoka kipande kimoja, na chini yake ukakuta moja kwa moja vijani vichanga vyenye nywele za hariri, umeshika mwerebi. Kwangu mimi alama hii inazidi jani, ganda la shina na umbo la kichaka kwa pamoja, na sioni kwa nini vitabu vya mashuleni huiacha na kujaza kurasa kwa michoro ya majani. Ina faida nyingine: ipo mwaka mzima. Katika nchi za baridi matumba huonekana vizuri wakati wa majira ambayo miti iko uchi. Wetu haudondoshi majani yote, kwa hiyo itabidi uyasogeze majani kwa kidole ili uyaone. Lakini hakuna mwezi utakaoyakosa.

Maua ni habari ya kurudi tena. Mwerebi una dume na jike kwenye miti tofauti, jambo ambalo kila aliyewahi kupanda mipapai analijua kwa uchungu. Maua hayana petali. Yamepangwa kwa wingi kwenye suke jembamba la sentimita chache, kila ua likiwa na jani dogo sana chini yake na tezi ya nekta, ndiyo maana nyuki huja ingawa hakuna rangi ya kuwaita. Suke la dume ni la manjano kwa sababu ya chavua. Vuta ua moja uhesabu stameni: vichaka vingi vya mwerebi vya Ulaya vina mbili kwa kila ua, wetu una nyingi zaidi, kwa kawaida nne na kuendelea. Suke la jike ni la kijani, na baada ya majuma machache kila ua linakuwa kidonge kidogo kinachopasuka pande mbili na kuachia mbegu zenye pamba nyeupe. Pamba pekee si ushahidi. Matete ya majini yana yake, na ule mmea wa matunda yaliyojaa hewa, Gomphocarpus, una pamba nzuri kuliko zote. Ila huo ukiukata unatoa maziwa, na matunda yake ni makubwa mara nyingi zaidi.

Ziara moja, basi, itakupa tumba, na pengine nusu moja ya maua. Rudi kiangazi cha Juni hadi Agosti maji yakiwa chini, rudi tena mvua zikianza. Andika mwezi kila mara, na kila kichaka ukifunge kitambaa chenye namba, maana ukikuta dume mwezi huu na jike mwezi ujao bila alama, utashindwa kujua kama ni vichaka viwili au ni kumbukumbu yako.

Anayetaka uhakika wa maandishi akaushe tawi. Kata kijitawi cha urefu wa karatasi ya gazeti iliyokunjwa, chenye majani, matumba na masuke kama yapo. Geuza jani moja upande wa chini uonekane. Lalisha katikati ya magazeti chini ya uzito, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Katika hewa ya Bukavu, asiyebadilisha magazeti anavuna ukungu. Mahali pa kulilinganisha pako karibu: kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa mji, kilianza chini ya taasisi ya kikoloni ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, na hebariamu yake iko hadi leo ndani ya CRSN, taasisi iliyoirithi. Hazina kubwa zaidi ya mimea iliyokaushwa ya Kongo iko Meise, nje kidogo ya Brussels. Na kwa kuwa mimea haijui mpaka, juzuu nne za Flore du Rwanda zilizosimamiwa na Georges Troupin, ambaye naye alipitia IRSAC, humfaa mtu wa Bukavu karibu kama zingeandikwa kwa ajili yake.

Ukifungua vitabu vya zamani usitishike na majina. Mtaalamu wa mimea Thunberg aliuelezea mmea huu kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akauita Salix mucronata, mwaka 1794. Miaka kumi na miwili baadaye Willdenow akaandika Salix subserrata. Baadaye likaja safsaf, lililotoka kwenye Kiarabu cha Misri, na hutchinsii kwa vichaka vya Afrika ya Mashariki. Leo wengi wanayahesabu yote kuwa spishi moja yenye sura nyingi, na jina la Thunberg limeshinda kwa kuwa lilitangulia. Kijitabu kikisema subserrata na kingine mucronata, huenda vinazungumzia kichaka kile kile. Majani ya mwerebi huu yamekutwa pia yameshonwa kwenye mataji ya maua ndani ya kaburi la Tutankhamun. Baada ya zaidi ya miaka 3,000 gizani yalikuwa bado yanatambulika, jambo linalopaswa kumtia moyo yeyote anayelalamika kwamba sampuli yake imekauka vibaya.

Ganda la shina nalo lina historia, na historia hiyo inapita Bukavu. Mwaka 1763 padri mmoja wa Kianglikana, Edward Stone, aliandikia Royal Society ya London kwamba alikuwa ameonja ganda la mwerebi wa kwao, akashtushwa na uchungu wake, uliomkumbusha ganda la mkinkina kutoka Peru, dawa ghali ya homa. Alilikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wapatao 50, na homa zao zikashuka. Alijifariji pia kwa hoja ya wakati ule: homa hutoka mahali penye maji, basi Mungu ameiweka dawa pale pale. Hoja ilikuwa mbovu, matokeo yalikuwa ya kweli nusu. Ndani ya ganda mna salisini. Ilitengwa miaka ya 1820, na kutoka ukoo huo wa kemikali wanakemia wa Bayer walifika kwenye aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899. Salisini hutuliza homa, lakini haigusi kijidudu cha malaria. Kwinini ya mkinkina hukiua. Watu wa mji wenye kiwanda cha Pharmakina, ambako magome ya mikinkina iliyopandwa Kivu hugeuzwa kwinini, wana sababu ya kuijua tofauti hiyo. Mtoto mwenye malaria akinyweshwa maji ya ganda la mwerebi anaweza kupoa joto jioni, huku ugonjwa ukiendelea ndani, na siku ya kumpeleka kituo cha afya imepotea. Uchungu wa ganda, kwa hiyo, uonje kwa ulimi kama alama moja zaidi ya utambuzi, kipande kidogo, uteme. Wala usivue ganda kuzunguka shina zima, maana shina hilo litakufa.

Kinachonifanya nisumbuke na kichaka hiki zaidi ya vingine ni mizizi yake. Katika mji ambao kila msimu wa mvua udongo unateremka na nyumba za watu, tunapanda mikalitusi kwenye vijito kwa sababu miche yake ipo sokoni. Mwerebi hauna haja ya soko. Kata fimbo mbichi ya unene wa kidole gumba na urefu wa mkono, uichomeke theluthi mbili ndani ya tope la ukingo, upande uliokuwa chini ubaki chini. Ina mizizi iliyokwisha kuandaliwa chini ya ganda, na mara nyingi huanza kuitoa ndani ya majuma machache. Mizizi hiyo ni mingi na membamba, inashona udongo wa juu pale maji yanapolamba. Hautazuia mteremko mzima wa Kadutu kuporomoka, na asikudanganye mtu kwamba utauzuia; kazi yake ni ukingo wa kijito.

Ila fimbo ni nakala ya mti uliokatwa. Ukichukua zote kutoka kichaka kimoja cha dume, utapata ukingo mzuri wa kijani ambao hautatoa mbegu hata moja, na siku mafuriko yakiung'oa hapatakuwa na kitu cha kuota kwenye tope jipya. Ndiyo sababu ya vile vitambaa vyenye namba: kata kwa dume, kata kwa jike, na kama hujajua bado kipi ni kipi, subiri masuke.